Machemba wa Luagala: Sultani aliyekataa kushuka Pwani

Miongoni mwa watawala wa Kiyao waliojijengea himaya kusini mwa Tanzania katika nusu ya pili ya karne ya 19, Machemba wa Luagala ndiye aliyewasumbua Wajerumani kwa muda mrefu zaidi katika uwanda wa Makonde. Hata hivyo, jina lake hutajwa kwa sentensi moja tu katika vitabu vingi vya shule, baada ya Abushiri na kabla ya Mkwawa, wapinzani wengine wa Wajerumani, jambo ambalo halimtendei haki mtu aliyeutetea utawala wake kwa barua kabla ya kuutetea kwa bunduki.

Uwanda wa Makonde hupanda kutoka karibu na pwani ya Lindi na Mikindani na kuishia ghafla katika miteremko mikali ya Newala, inayolitazama bonde la mto Ruvuma, huku Masasi ikibaki chini katika nchi ya tambarare yenye vilima vya mawe. Juu ya uwanda maji ni adimu, kwa sababu mvua huzama haraka mchangani, na wakazi walizoea kushuka mabondeni kuyachota. Lakini vichaka vyake vizito, vilivyopitika kwa vijia vyembamba tu, vilimpa mwenyeji kinga ambayo ukuta wa mawe usingeweza kuipita.

Wayao, ambao asili yao ni kusini mwa Ruvuma, waliingia katika nchi hiyo wakisukumwa na vita, na viongozi wao walikusanya watu wa makabila mbalimbali waliohitaji ulinzi. Hitaji hilo halikuwa la kubuni. Masasi, ambako Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yaani misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu, aliwapeleka watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar mwaka 1876, ilivamiwa na Wangoni, walioitwa Magwangwara, mwaka 1882, na wamisionari wakahamia Newala kwa sultani mwingine wa Kiyao, Matola. Matola alichagua kuishi na wageni hao kwa urafiki, ilhali Machemba, jirani yake upande wa mashariki, aliona kwamba heshima ya mtawala hupimwa kwa uwezo wake wa kuamua ni nani aingie katika nchi yake na kwa masharti gani.

Nguvu ya Machemba ilitokana na biashara iliyoshuka bandarini, yaani pembe za ndovu, mpira wa porini na, ni lazima isemwe wazi, watumwa. Wajerumani walipoziteka Kilwa, Lindi na Mikindani mwezi Mei 1890, walizishika ncha za njia hizo, na Hermann von Wissmann, kamishna wa Kaisari aliyekuwa ametumwa kuzima vita vya Abushiri vya Pwani, akamtaka Machemba ashuke kwake.

Jibu la Machemba, lililoandikwa kwa Kiswahili mwaka huo huo, ni miongoni mwa hati zenye thamani kubwa katika historia ya Afrika Mashariki. Alieleza kwamba yuko tayari kwa urafiki, lakini hawezi kuwa mtu wa chini ya mwingine. Kwamba Wissmann, kama yeye mwenyewe, ni kiumbe wa Mungu. Na kwamba kila mmoja ni sultani katika nchi yake. Aliongeza kuwa tangu azaliwe hajakanyaga Pwani, na hakuona sababu ya kwenda huko kwa kuwa tu ameitwa. Uzito wa hoja hiyo umo katika usawa wake, kwani Machemba hakumdai Mjerumani utii wowote, na kwa msingi huo huo alikataa kudaiwa.

Safari za kijeshi zilizotumwa dhidi yake zilikwama vichakani, hata Wajerumani wakalazimika kuvumilia kuwapo kwake kwa miaka kadhaa. Kilichovunja hali hiyo ni kodi ya kibanda, iliyoanza kutozwa mwaka 1898 kwa kiwango cha rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, ambayo asiye na fedha angeweza kutakiwa kuilipa kwa kazi. Kwa serikali, kodi ilikuwa chanzo cha mapato na njia ya kupata vibarua. Kwa Machemba, ilikuwa ni utii ule ule alioukataa mwaka 1890, uliokuja sasa kwa sura ya rupia.

Mwaka 1899 jeshi lilipanda Luagala kwa nguvu kubwa zaidi, na boma la Machemba likaanguka, lakini sultani hakukamatwa. Alivuka Ruvuma pamoja na wafuasi wake na kuingia Msumbiji, ambako mamlaka ya Wareno yalikuwa bado hafifu katika nchi ya Wayao. Mto huo ulikuwa umefanywa mpaka kwa mapatano ya Wajerumani na Wareno mwaka 1886, bila wakazi wa kingo zake kuulizwa, na sasa askari wa Kijerumani walilazimika kusimama ukingoni mwake.