KUMBE "MBWA ALFA" NI STORI YA KIFUNGONI! Jinsi Kosa la Miaka ya 1940 Linavyowatesa Mbwa Mpaka Leo

Ingia TikTok sasa hivi, tafuta video za kufunza mbwa. Haziishi dakika mbili utakutana na jamaa kavaa suruali ya kijeshi, kamlaza mbwa chali, kamkandamiza shingo, anakwambia, "Lazima ajue bosi ni nani." Mbwa kanyamaza, mkia kaufyata, masikio kayalaza nyuma. Chini kule watu wanashangilia, eti mbwa kaelewa somo.

Hii stori ya "bosi ni nani" ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Na yule mtaalamu aliyechangia kuitangaza dunia nzima alikuja kuikana mwenyewe, mchana kweupe. Tatizo ni kwamba alipoikana, watu walishakuwa bize kumgandamiza mbwa chini.

Twende taratibu.

ILIANZA KAMBINI

Mwaka 1910, huko Ujerumani, mkufunzi wa mbwa wa polisi aitwaye Konrad Most alitoa kitabu cha kufundisha mbwa. Baadaye akawa mtu mkubwa kwenye mafunzo ya mbwa wa jeshi. Kwa Most, mbwa na binadamu hawawezi kuwa sawa: mmoja lazima awe juu, na mbwa akileta ubishi, nguvu itumike mpaka akubali yaishe. Humo ndani kuna ukanda mkali wa shingo, kuna kuvuta kwa ghafla, kuna na kipigo.

Kwa haki yake, Most alijua pia kumtuza mbwa akifanya vizuri. Lakini mbwa wake walikuwa wa kazi, wa kukamata wahalifu na kwenda vitani. Vita Kuu mbili zikapita, wakufunzi wa jeshi wakarudi uraiani na ujuzi wao, na raia wenye mbwa wa kulala sebuleni wakaanza kufundishwa mbinu za kambini.

Mmoja wao ni Mmarekani William Koehler. Huyu alifundisha mbwa wa jeshi, kisha wanyama wa filamu za Walt Disney. Mwaka 1962 akatoa kitabu kilichouzika sana. Unajua alishauri nini kwa mbwa mwenye tabia ya kuchimba mashimo bustanini? Lijaze shimo maji, halafu mzamishe kichwa humo humo. Kitabu hicho kilikaa kwenye rafu za familia za kawaida kabisa.

Mpaka hapo ubabe ulikuwa ni ubabe tu, hauna sayansi nyuma yake. Sayansi ikaja kutoka kwenye bustani ya wanyama.

UZIO WA BASEL

Kwanza tuelewane. Mbwa mwitu wanaozungumzwa hapa ni wale wakubwa wa nchi za baridi, ndugu wa karibu kabisa wa mbwa wa nyumbani. Usiwachanganye na wale wenye mabakabaka wanaoonekana Ruaha na Nyerere. Hao ni ukoo mwingine.

Miaka ya 1930 na 1940, mtafiti wa Uswisi aitwaye Rudolf Schenkel aliwachunguza mbwa mwitu kwenye bustani ya wanyama ya Basel. Walikuwa mpaka kumi ndani ya eneo la mita 10 kwa 20. Hebu pima hapo, ni kama kiwanja kidogo cha mtaani. Humo ndani kuna wanyama ambao porini wangezunguka makumi ya kilomita, tena wengine hawakuwa hata ndugu.

Schenkel akaona walichokifanya: waligombana. Madume kwa madume, majike kwa majike, mpaka wapatikane wawili wa juu. Mwaka 1947 akachapisha utafiti wake, na kutokea hapo likakua wazo la "alfa", yaani mbabe anayepigania kiti na kukilinda kila siku kwa meno.

Schenkel aliandika alichokiona, hakudanganya. Ila alichokiona ni maisha ya kifungoni. Ukiwafungia watu kumi wasiojuana ndani ya chumba kimoja kwa miaka, chakula kinaletwa na mlinzi na mlango haufunguki, wataanza kugombania godoro. Ukitoka hapo ukaandika kitabu kwamba familia zote za binadamu ndivyo zinavyoishi, utakuwa umepotosha.

Mwaka 1970 mtaalamu kijana wa Marekani, L. David Mech, akatoa kitabu kikubwa kuhusu mbwa mwitu. Humo akakusanya kila kilichokuwa kinajulikana wakati ule, likiwemo wazo la alfa. Kitabu kikawa maarufu, na neno likatoka maktaba likaingia mtaani. Wakufunzi wa mbwa walilipokea kwa mikono miwili, maana sasa walikuwa na jibu la kisomi. Ukiuliza kwa nini unampiga, unaambiwa mbwa ni mbwa mwitu, mbwa mwitu wanapigania uongozi, kwa hiyo mbwa wako anataka kukupindua. Akitangulia mlangoni, anakupindua. Akipanda kwenye kochi, anakupindua. Hata akila kabla yako, ni mapinduzi.

WATAWA NA TELEVISHENI

Mwaka 1978 watawa wa monasteri ya New Skete, jimbo la New York, waliokuwa wanafuga mbwa aina ya German Shepherd, nao wakatoa kitabu chao. Kilikuwa na mambo mengi mazuri kuhusu upendo kati ya mtu na mbwa. Lakini ndani yake palikuwa na adhabu moja: mkamate mbwa, mbwage chali, mkandamize mpaka asalimu amri. Ile unayoiona TikTok leo ina mizizi yake huku. Maelezo yalikuwa kwamba alfa ndivyo anavyomfanyia mdogo wake.

Watafiti walipokuja kuangalia vizuri, kumbe mara nyingi yule mdogo hujilaza chali mwenyewe. Halazwi. Ni njia yake ya kusema "yaishe, sitaki ugomvi". Mnyama anayekubwaga kwa nguvu na kukushika shingo, kwa lugha yao, anaweza kuwa anakuja kukuua. Sasa fikiria mbwa anachokihisi pale bwana wake anapomfanyia hivyo sebuleni.

Watawa wenyewe walikuja kubadilika. Toleo jipya la kitabu chao, la mwaka 2002, halikuipendekeza tena adhabu ile.

Lakini miaka miwili baadaye, 2004, ikaja televisheni. Cesar Millan, kijana wa Mexico aliyeingia Marekani bila kitu, akapewa kipindi kwenye National Geographic. Mbwa mkorofi anaingia, Cesar anamgusa ubavuni, anatoa ule mlio wake wa "tshh", dakika chache baadaye mbwa katulia. Dunia ikachizika. Kipindi kilienda mpaka 2012, na "kuwa kiongozi wa kundi" ikawa kama dini kwa wenye mbwa.

Mashabiki wake wana hoja. Wanasema wapo mbwa waliokuwa wanakaribia kuuawa kwa ukali, na yeye akawapa nafasi nyingine. Alisisitiza pia mazoezi na matembezi, na hapo hakuna anayebisha. Lakini mwaka 2006 shirika la kutetea wanyama la American Humane liliiomba National Geographic ikisimamishe kipindi hicho. Na kipindi chenyewe kilikuwa kinaweka onyo kwenye skrini kwamba usijaribu mbinu hizi bila kumuuliza mtaalamu. Jiulize, mbinu salama ya kulea mbwa wa familia inahitaji onyo la nini?

MZEE ANAIKANA KAULI YAKE

Sasa rudi kwa Mech. Kuanzia 1986, kila kiangazi alikuwa anakwenda Kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, kukaa karibu na mbwa mwitu walio huru. Viangazi 13. Wanyama walimzoea mpaka wakawa wanaendelea na mambo yao yeye akiwa hapo hapo.

Alichokikuta ni familia. Baba, mama, na watoto wa mwaka huu na wa miaka iliyotangulia. Hao "alfa" wawili walikuwa wazazi tu. Hawakumshinda mtu kupata cheo, walizaa. Watoto wanawafuata kama mtoto yeyote anavyomfuata mzazi wake. Wakikua, hawabaki kupigania kiti cha baba. Wanaondoka, wanatafuta mwenza, wanaanzisha kwao. Dume anawinda na kuleta chakula, jike anawalinda wadogo.

Mwaka 1999 Mech akachapisha haya kwenye jarida la kisayansi, akisema wazi kwamba neno alfa kwa familia ya porini linapotosha. Akaanza kumsihi mchapishaji aache kukichapa kile kitabu cha 1970. Kikaendelea kuuzwa. Kimekuja kuacha kuchapwa mwaka 2022. Hebu hesabu, zaidi ya miaka 20 mtu anaomba kitabu chake mwenyewe kiondolewe sokoni!

Na wale wanaojiita "alfa" kwenye podikasti za wanaume, nao wajue hili. Alfa halisi wa porini ni baba anayerudi na kitoweo na kucheza na watoto.

MBWA WANALIPA, BINADAMU WANANG'ATWA

Kuna watu watasema: sawa, nadharia mbovu, lakini mbinu si inafanya kazi? Mbwa si anatulia?

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 waliopeleka mbwa wao kliniki kwa matatizo ya tabia. Waliulizwa walishajaribu nini, na mbwa alijibu vipi. Kwa waliompiga au kumpiga teke mbwa, asilimia 43 walisema alijibu kwa ukali. Kumbwaga chali na kumkandamiza, asilimia 31. Kumkazia macho tu, asilimia 30. Hao walikuwa mbwa wenye shida tayari, kweli. Lakini ndio hao hao ambao watu huambiwa wawaoneshe ubabe.

Halafu kuna ishu ya kunguruma. Mbwa akinguruma, anakupa taarifa: nina hofu, usinisogelee. Ukimpiga kila akinguruma, hofu inabaki, taarifa ndiyo inaondoka. Siku mtoto wa jirani akimshika mkia, atang'ata moja kwa moja, na watu watasema "aling'ata bila sababu".

Mwaka 2020 watafiti wa Porto, Ureno, wakatoa utafiti wa mbwa 92 kutoka shule tofauti za mafunzo. Waliofunzwa kwa adhabu walionesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni ya msongo kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya mafunzo. Kisha wakapimwa kwa bakuli. Mbwa alifundishwa kwamba bakuli likiwa upande huu lina chakula, likiwa upande ule ni tupu. Halafu likawekwa katikati. Waliozoea zawadi walilikimbilia. Waliozoea adhabu nzito walisogea polepole, kama mtu ambaye hategemei tena jambo jema.

Ule utulivu unaoshangiliwa TikTok, mara nyingi ni huo. Mnyama kakata tamaa.

Dunia imeanza kusikia. Mwaka 2008 madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulika na tabia za wanyama walitoa tamko la kupinga mbinu za ubabe. Mwaka 2010 Wales ikapiga marufuku kola za kumpiga mbwa shoti ya umeme.

NJIA NYINGINE IPO, NA IKO MOROGORO

Njia ya zawadi nayo siyo ya juzi. Tangu miaka ya 1940 wapo wakufunzi Marekani waliofundisha wanyama kwa chakula na mlio mdogo wa "klik" unaomwambia mnyama "hapo hapo, umepatia". Ilishika kasi kwa pomboo. Pomboo huwezi kumvalisha mnyororo. Ukimuudhi, anaogelea zake. Karen Pryor, aliyefundisha pomboo Hawaii, akaandika kitabu mwaka 1984, na wenye mbwa wakaanza kuelewa.

Na kwa Mtanzania mfano uko nyumbani. Shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, linafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Wanatumia mlio wa klik na kipande cha ndizi au karanga. Hakuna kiboko. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania akaenda kufanya kazi Kambodia. Akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya ushujaa kutoka Uingereza. Panya!

Hakuna anayesema mbwa aachiwe afanye anavyotaka. Mbwa anahitaji mipaka, ratiba na mtu anayeeleweka. Akiruka wageni, mfundishe kukaa na umtuze anapokaa. Akivuta kamba, simama, usiendelee mpaka ailegeze. Inachukua muda, na haivutii kwenye video ya sekunde 15. Ila mbwa akikusikia ukiita, anakuja mkio mkio, mkia unapepea.

Wenye mbwa nyumbani, mnawafunza vipi? Na ukiona ndugu yako kamkandamiza mbwa chini eti anamuonesha alfa, mtumie hii. Dondosha komenti yako hapo chini tujadili.