Waliotangulia nao walikuwa wageni

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, kijana mmoja wa kikundi chetu alirudi hapa Nakivale na begi lake. Aliondoka mwezi wa nane tukamsindikiza mpaka kwenye basi, mama yake anaimba. Ada ilikuwa imelipwa yote. Lakini hata muhula wa kwanza haukuisha. Nilipomuuliza kulikoni, akajibu: "Yaya, hakuna aliyenifukuza. Ila niliona pale si mahali pangu."

Mimi nafanya kazi na vijana, na shule yangu iliishia sekondari. Chuo kikuu sijakikalia hata siku moja, kwa hiyo jibu la kumpa kutoka maisha yangu sikuwa nalo. Nikaanza kutafuta kwenye historia. Wale wa kwanza kabisa kuingia vyuo vya nchi hizi zetu, mwaka wao wa kwanza uliwakuta vipi?

Tuanze hapa Uganda. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na wanafunzi 14 tu. Walisoma useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Kauli mbiu yake ilikuwa "Tuwe wanaume". Mwaka 1945 wakaingia wanawake wa kwanza, 6. Hebu fikiria dada anaingia chuo ambacho kauli mbiu yenyewe inamwambia awe mwanaume! Basi, hapo nani alitakiwa kuzoea? Kauli mbiu ndiyo ikabadilishwa, ikawa "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo". Wanawake walikuwa 6 tu, lakini chuo kizima kilibadilisha maneno yake.

Sasa twende kwetu Kongo. Kwa miaka mingi, Mkongo aliyetaka masomo ya juu njia yake ilikuwa seminari, yaani upadri. Thomas Kanza, ambaye hakuwa padri, ilimbidi aende mpaka Louvain, Ubelgiji, mwaka 1952, akapata digrii 1956. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, juu ya kilima nje ya Léopoldville, Kinshasa ya leo. Waliokianzisha walijua kwamba shule za kikoloni hazikuwa zimewaandaa Wakongo kwa masomo ya chuo kikuu, kwa hiyo wakaweka mwaka mmoja wa maandalizi kabla ya masomo yenyewe.

Hapa kuna mambo mawili, na sitaki kuficha hata moja. La kwanza ni dharau: serikali ya mkoloni ndiyo iliyochimba shimo, halafu mtoto wa Kongo ndiye anaambiwa hajui kuruka. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima kubwa ile, Wakongo wenye digrii hawakufika hata 30. La pili ni kwamba, angalau, shimo lilionekana na likawekewa daraja. Hawakusema tu, "Mlango uko wazi, ingia."

Upande wa Tanganyika, chuo cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961. Wanafunzi tena 14, mmoja wao mwanamke, somo moja tu: sheria. Majengo yao wenyewe hawakuwa nayo, walisomea kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, mpaka walipohamia Mlimani mwaka 1964. Chuo chenyewe kilikuwa kimeunganishwa na Chuo Kikuu cha London. Nchi ndiyo kwanza inakaribia uhuru, wanafunzi wanasoma sheria kwa utaratibu wa Mwingereza, ndani ya jengo la chama. Ugeni ulikuwa wa kutosha! Lakini nadhani watu 14 wana kinga moja: mmoja akikosa darasani, wenzake wanajua. Huwezi kupotea katikati ya watu 14.

Kijana wetu alipotelea katikati ya mamia. Darasa la kwanza mpaka la sita alisoma kwa Kifaransa, Fizi. Kiingereza amekipatia hapa. Mwalimu wa chuo anaongea haraka, hamwandikii ubaoni. Ratiba, kazi, matokeo, yote yako kwenye kompyuta, na yeye kompyuta aliishika mara chache. Wenzake wakimuuliza anatoka wapi, alijibu "Mbarara". Na jioni simu kutoka nyumbani: tutumie hata kidogo. Tulidhani mtu wa chuo tayari anakula mshahara, kumbe mwenzetu alikuwa analala na chai.

Ndugu zetu wa mashirika, tunashukuru. Ufadhili wa DAFI, uliofunguliwa kwa fedha za Ujerumani mwaka 1992, umewapeleka wakimbizi wengi chuoni. Na UNHCR imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 vijana wakimbizi 15 kwa kila 100 wawe kwenye elimu ya juu. Ni lengo zuri. Lakini msihesabu wanaoingia tu, hesabuni na wanaomaliza mwaka wa kwanza. Kabla kijana hajapanda basi, apate miezi kadhaa ya Kiingereza cha darasani na kompyuta. Akifika, awepo mwanafunzi mkimbizi aliyemtangulia wa kumpokea. Hilo la pili halihitaji hata pesa nyingi.

Wazazi wetu, nanyi mwaka wa kwanza msiombe kitu. Pigeni simu mumuulize amekula nini.

Na wewe kijana unayejiandaa, ukifika pale ukajiona mgeni, usifikiri umekosea njia. Waliokaa viti vile wa kwanza nao walikuwa wageni, na hata kauli mbiu ya chuo haikuwa yao. Watafute wenzako, hata watatu, muwe mnajua nani hakuja leo.

Yule kijana ameandika barua kuomba arudishiwe nafasi yake. Mpaka leo haijajibiwa. Ila Jumamosi iliyopita alikuja kwenye kikao chetu, kuna watatu wanatarajia kuondoka mwezi wa nane. Nilidhani atakaa nyuma. Akavuta kiti mbele, akachora ratiba ya chuo kwenye karatasi, akaanza kuwaeleza namna ya kuisoma.