Philip Boit, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi

Philip Kimely Boit alizaliwa Eldoret, Kenya, tarehe 12 Desemba 1971. Ndiye Mkenya wa kwanza kushiriki Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, katika mbio ndefu za skii, zile ambazo mtu huvaa mbao mbili nyembamba miguuni, akashika fimbo mkono huu na huu, akateleza juu ya theluji kupanda na kushuka vilima. Alishiriki Olimpiki tatu: Nagano 1998, Salt Lake City 2002 na Torino 2006.

Kabla ya hapo alikuwa mkimbiaji wa mita 800, na riadha ilikuwa jambo la ukoo. Mike Boit, jamaa yake, alipata shaba ya umbali huohuo kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Tatizo la Philip lilikuwa wakati aliozaliwa. Dhahabu ya mita 800 ilichukuliwa na Paul Ereng mwaka 1988, kisha William Tanui mwaka 1992, wote Wakenya. Katika nchi yenye foleni ya namna hiyo, mkimbiaji mzuri tu hana nafasi, hata kama kwingineko angekuwa bingwa wa taifa.

Mlango mwingine ulifunguliwa na kampuni ya viatu. Mwaka 1996 Nike iligharamia safari ya Boit na mwenzake, Henry Bitok, kwenda Finland kujifunza skii. Wazo lilikuwa kwamba mwenye mapafu ya Bonde la Ufa akifundishwa kuteleza atawashinda wenyeji wa theluji. Sitaki kuuita mpango huo utafiti. Lilikuwa tangazo la biashara lililovaa koti la utafiti, ingawa waliokwenda kuumia kwenye baridi walikuwa watu wa kweli, na Boit alikuwa hajawahi kuiona theluji kwa macho yake.

Mapafu peke yake hayatoshi, na hapa ndipo mchezo wenyewe unapohitaji kuelezwa. Katika mtindo wa asili, mchezaji hupita kwenye mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji, mguu mmoja mbele, mwingine ukisukuma nyuma. Chini ya skii hupakwa nta za aina mbili. Ncha za mbele na nyuma hupata nta ya kuteleza. Katikati, chini ya unyayo, hupakwa nta ya kushika, ili mguu ukikanyaga usirudi nyuma. Nta hiyo huchaguliwa kwa kufuata joto la theluji siku hiyohiyo. Ikikosewa, mtu anapanda kilima kama anayekanyaga sabuni, au theluji inaganda chini ya skii na kila hatua inakuwa mzigo. Halafu kuna mikono. Sehemu kubwa ya mwendo hutoka mabegani na mgongoni, viungo ambavyo mkimbiaji wa mita 800 hana sababu ya kuvijenga kiasi hicho. Boit alilazimika kujifunza yote hayo akiwa na miaka 24, umri ambao Mfini amekwisha kuyafanya kwa miaka ishirini. Aliporudi nyumbani alifanya mazoezi barabarani kwa skii za magurudumu.

Finland haikuchaguliwa kwa bahati. Huko skii ni mchezo wa mtaani. Hata katika mchezo mwingine wa theluji, wa kuruka kwa skii, Matti Nykänen, mrukaji mashuhuri kuliko wote wa nchi hiyo, alikulia Jyväskylä, mji wenye kilima cha kurukia, akaanza akiwa mtoto. Mrukaji hushuka mteremko wa barafu, akajirusha ukingoni na kuruka hewani mwili ukiwa umelala mbele. Alama hutolewa kwa umbali na kwa mtindo. Nykänen alipata dhahabu moja Sarajevo mwaka 1984 na tatu Calgary mwaka 1988. Calgary hiyohiyo mrukaji Mwingereza, Michael Edwards, alikuwa wa mwisho, akashangiliwa karibu kama bingwa. Wakuu wa mchezo hawakufurahi, wakaweka masharti magumu zaidi ya kufuzu.

Boit alifika Nagano miaka kumi baadaye akiwa na hatari ya kugeuzwa kivutio vivyo hivyo. Tarehe 12 Februari 1998 zilifanyika mbio za kilomita 10 kwa mtindo wa asili, theluji ikiwa chepechepe, hali inayosumbua sana wapaka nta. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24.5, dhahabu yake ya sita ya Olimpiki. Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25.5. Waandaaji walitaka kuanza kugawa medali. Dæhlie akakataa kuondoka mstarini, akasubiri, na Mkenya alipofika akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Picha ya kukumbatiana ilizunguka dunia nzima, na wengi wanadhani habari iliishia hapo. Kwa maoni yangu sehemu ya heshima zaidi ilianza baada yake. Ufadhili wa Nike ulikoma, kamera zikahamia kwingine, na Boit akaendelea. Salt Lake City alikuwa wa 64 katika mbio fupi za kilomita 1.5. Torino, akiwa na miaka 34, alishiriki kilomita 15 na safari hii wapo aliowaacha nyuma. Kwenye michezo hiyohiyo Robel Teklemariam aliiwakilisha Ethiopia kwa mara ya kwanza. Boit hakufuzu kwa Vancouver 2010. Kenya ilisubiri hadi Pyeongchang 2018 kupata mwakilishi mwingine, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, tena katika skii za kushuka milima, si zile za Boit.

Msomaji wa Bariadi, mkoani Simiyu, Tanzania, anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, maana kwao ni nchi ya pamba na jua. Yanamhusu kwa upande wa mazingira ya kumkuza mchezaji. Mtoto wa Jyväskylä ana kilima. Mtoto wa Maswa au Itilima, mkoani humo, ana baiskeli, na Usukumani mbio za baiskeli zina mashabiki wake tangu zamani. Mkoa huu pia si mgeni kwa uongozi wa michezo: Anthony Mtaka alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu huku akiwa rais wa shirikisho la riadha la Tanzania. Kilichokosekana kwa Boit hakikuwa moyo wala mapafu. Alikosa miaka ya utotoni, na hiyo hainunuliwi na mfadhili yeyote.

Hadi Michezo ya Beijing mwaka 2022, Tanzania haikuwa imewahi kupeleka mchezaji kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Sioni aibu katika hilo. Aibu itakuwa kijana wa Meatu, Simiyu, anayeendesha baiskeli kila siku kuanza kufundishwa na kocha akiwa na miaka 24.