Nyumba Njema si Mlango: Historia ya Gundi na Hewa ya Nyumba Mpya

Wahenga waliponena kwamba nyumba njema si mlango, walikusudia watu na tabia zao. Mlango wa nakshi, wenye njumu za shaba na maua ya kuchongwa, waweza kuficha ugomvi, ufukara au upweke. Anayetaka kuijua nyumba hana budi kufungua na kuingia ndani. Hata hivyo, methali hiyo yafaa pia kuchukuliwa kwa maana yake ya wazi kabisa. Katika karne ya ishirini zilijengwa nyumba ambazo ubaya wake haukuonekana mlangoni, wala ukutani, wala darini. Ulikuwa hewani. Mgeni aliyeingia alilakiwa na harufu kali kidogo, naye akaisifu, kwani aliihesabu kuwa ni harufu ya upya. Jinsi harufu hiyo ilivyoacha kuwa sifa ikawa ushahidi ni kisa kirefu, na ndani yake mna swali moja ambalo halijachakaa: ni nani abebe mzigo wa madhara, anayelala ndani ya nyumba au aliyevitengeneza vitu vilivyoijenga?

Msomaji wa pwani ana kipimo chake cha kulinganishia. Nyumba ya kale ya mawe, iwe katika Mji Mkongwe wa Unguja au katika vichochoro vya Lamu, ilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Jiwe la matumbawe lilichomwa tanurini, likatoa hewa yake ya ukaa, kikabaki kitu chepesi cheupe. Chokaa hiyo ilizimwa kwa maji, ikachanganywa na mchanga, ikapakwa ukutani. Tangu siku hiyo ukuta ulianza kuivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka chokaa ikarudi kuwa jiwe. Hapana haja ya kuyapamba mambo: tanuri lilikuwa na moshi wake, matumbawe yalichimbwa, mikoko ilikatwa, na mchomaji chokaa hakuwa na kazi nyepesi. Lakini aliyelala ndani ya kuta hizo hakuwa na sababu ya kuzishuku. Ukuta wake ulipokea kutoka hewani. Haukuitilia hewa sumu.

Kitu kilichokuja kuigeuza hali hiyo kina jina gumu na asili ya maabara. Fomaldehaidi ni gesi isiyo na rangi, yenye harufu ya kuchoma pua. Mwanakemia Mrusi Aleksandr Butlerov aliipata mwaka 1859 bila kuitambua barabara, na Mjerumani August Wilhelm von Hofmann akaibainisha miaka michache baadaye. Ikiyeyushwa majini huitwa fomalini, dawa ambayo wengi waijua kwa kazi yake ya kuhifadhi maiti na viumbe wa kufundishia katika chupa za maabara. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, aliichanganya na fenoli akapata Bakelite, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha wanakemia wakaijaribu pamoja na urea, ile ile ambayo mkulima humwagia mahindi yake kama mbolea. Hapo ikapatikana gundi ya bei nafuu, isiyo na rangi, inayoganda upesi ikipata joto.

Gundi hiyo ilikuta haja inayoingoja. Ujerumani ya wakati wa vita ilikuwa na upungufu wa mbao, na viwanda vyake vilikuwa na marundo ya takataka za misumeno. Mwaka 1941 kiwanda cha mjini Bremen kilianza kuvishindilia vipande vya mti pamoja na gundi, kikatoa mbao za chipubodi. Vita vilipokwisha, Ulaya ilikuwa na miji ya kujenga upya, na ubao uliotokana na taka ulionekana kuwa ni neema. Ulikuwa umenyooka, haukuwa na vifundo, na bei yake maskini aliiweza. Sakafu, makabati, vitanda na kuta za ndani zikaanza kutengenezwa kwa ubao huo. Hakuna aliyefanya hila katika jambo hilo. Lilikuwa jibu la kweli kwa shida ya kweli.

Kasoro ilikuwa ndani ya gundi yenyewe, nayo ni ya namna mbili. Kwanza, fomaldehaidi iliyobaki bila kushikana na urea hutoka ubaoni katika wiki na miezi ya mwanzo. Hiyo ndiyo harufu ya upya. Pili, hata ile iliyokwisha kushikana haikushikana daima. Fundo baina ya urea na fomaldehaidi hufunguliwa na maji na joto, kwa hiyo ubao hupumua gesi kwa miaka, na hupumua zaidi penye joto na unyevu. Gundi ya fenoli ina fundo gumu zaidi na hutoa gesi kidogo sana. Ndiyo maana plaiwudi ya kutumiwa nje ya nyumba hutengenezwa kwa gundi hiyo yenye rangi ya kahawia iliyokoza. Lakini bei yake ni kubwa, na rangi yake haikupendwa ndani ya nyumba.

Kwa miaka mingi madirisha yaliyovuja upepo yaliificha kasoro hiyo. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, nchi za baridi zilianza kuziba kila ufa wa nyumba ili joto lisipotee. Gesi ambayo zamani ilichukuliwa na upepo sasa ikafungiwa pamoja na wenye nyumba. Mwaka 1975 watafiti wa Denmark walichapisha vipimo vya hewa ya nyumba 23 zilizojengwa kwa chipubodi, na katika baadhi ya vyumba walikuta kiasi kilichopita kile kilichoruhusiwa kwa wafanyakazi wa viwandani katika nchi jirani ya Ujerumani. Mfanyakazi wa kiwandani angalau hutoka jioni akaenda nyumbani. Mtoto mchanga aliyelazwa chumbani hana pa kutoka.

Kanada ilipata somo kwa njia nyingine. Huko povu la urea na fomaldehaidi lilipigwa pampu ndani ya kuta za makumi ya maelfu ya nyumba ili kuhifadhi joto, huku serikali ikitoa ruzuku kwa waliokubali kuziba nyumba zao. Malalamiko ya macho kuwasha, koo kukauka na vichwa kuuma yakazidi, na Desemba 1980 serikali hiyo hiyo ikalipiga povu marufuku. Marekani ilitoa marufuku yake mwaka 1982, lakini mwaka 1983 mahakama ya rufaa iliitengua, ikisema kwamba ushahidi haukutosha. Kufikia wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba panya waliovutishwa gesi hiyo kwa wingi walipata saratani ya pua. Ubishi ukawa juu ya panya na binadamu: je, kilichompata mmoja kitampata mwingine? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitoa jibu lake mwaka 2004, likaiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Baina ya malalamiko ya kwanza na jibu hilo ilipita robo karne.

Katika muda huo serikali zilishika njia mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha historia hii. Njia ya kwanza ilimwelekea mkaaji. Mwaka 1984 Marekani iliweka kikomo kwa mbao za nyumba zinazoundwa kiwandani na kusafirishwa, kisha ikaamuru kila nyumba ya aina hiyo ibandikwe tangazo jikoni, la kumwambia mwenyeji kwamba baadhi ya vifaa vya nyumba yake hutoa fomaldehaidi na kumshauri apitishe hewa. Tangazo lilisema kweli. Lakini mtu aliyekwisha kulipia nyumba yake ya pekee, akasimama jikoni kulisoma, atafanya nini?

Njia ya pili ilielekea kiwandani. Ujerumani ilipendekeza mwaka 1977 kwamba hewa ya ndani isizidi sehemu 0.1 ya fomaldehaidi kwa milioni, halafu ikazigawa mbao katika madaraja kwa kadiri ya gesi zinayotoa. Daraja bora likapewa alama ya E1. Kuanzia mwaka 1986, mbao zilizopita kikomo hicho hazikuruhusiwa kuuzwa. Wenye viwanda walilazimika kupunguza fomaldehaidi katika gundi, na kumbe iliwezekana. Japani, iliyoteswa katika miaka ya 1990 na maradhi yaliyoitwa ya nyumba mpya, ilibadili sheria yake ya ujenzi mwaka 2003. Mbao zikapewa nyota: zenye nyota nne hutumiwa bila kikomo, zenye nyota pungufu kwa eneo lililopimwa, na zisizo na nyota hazitumiki ndani kabisa. Sheria hiyo hiyo ikaamuru kila nyumba mpya iwe na mtambo wa kubadili hewa, angalau nusu ya hewa yake kila saa.

Gharama ya kuchelewa ilionekana wazi baada ya kimbunga Katrina, kilichoipiga pwani ya kusini ya Marekani mwezi Agosti 2005. Waliopoteza nyumba walipewa na serikali yao matrela ya kuishi, maelfu kwa maelfu, yaliyotengenezwa kwa haraka na kujaa mbao za gundi. Mengi kati ya hayo yalihesabiwa kisheria kuwa ni vyombo vya safari, hivyo kikomo cha mwaka 1984 hakikuyagusa. Mwaka 2006 wakaaji walikuwa wakilalamika kukohoa, kutokwa na damu puani na kushindwa kupumua. Wataalamu wa serikali walipoyapima matrela na nyumba za kubebeka 519, kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, walikuta wastani wa sehemu 77 kwa bilioni, na katika moja sehemu 590. Vipimo hivyo vilichukuliwa wakati wa baridi. Wakati wa joto la kusini ubao hutoa zaidi. Watu waliokimbia maji waliponea katika hewa ya namna hiyo, na kabla ya wataalamu kuja, chombo chao cha kupimia kilikuwa pua zao wenyewe.

Jimbo la California lilipitisha mwaka 2007 kanuni kali kuliko zote za Marekani wakati huo, na mwaka 2010 sheria ya taifa zima ikafuata mfano wake, ingawa utekelezaji ulingoja hadi 2018. Kikomo kikawa sehemu 0.05 kwa milioni kwa plaiwudi ya mti mgumu na 0.09 kwa chipubodi, ambayo mwaka 1984 iliruhusiwa kufika 0.3. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2023 kikomo kipya kwa mbao na samani, ukiiweka Agosti 2026 kuwa mwanzo wa kutumika.

Msaada mmoja katika safari hiyo ulitoka baharini. Kaichang Li, mtaalamu wa mbao katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, aliwatazama kome wanavyoshikilia miamba huku wakipigwa na mawimbi. Mnyama yule hutoa nyuzi za protini zinazoganda majini, mahali ambapo gundi nyingi za binadamu hushindwa. Li aliichukua protini ya soya, ambayo ni nafuu na tele, akaibadili ili ishike kama ile ya kome. Plaiwudi ya gundi hiyo, isiyotiwa fomaldehaidi, iliingia sokoni katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2007 kazi hiyo ikapewa tuzo ya serikali ya Marekani ya kemia isiyodhuru mazingira. Wavuvi wa kila pwani wamekuwa wakiwabandua kome mwambani kwa kisu tangu zama za kale. Somo lilikuwapo pale pale, likingoja mwenye kuuliza.

Habari hizi za nchi za mbali zina mguu wao katika pwani ya Afrika Mashariki. Makabati ya jikoni, vitanda na milango ya vyumbani ya chipubodi na MDF imekwisha kuwa kitu cha kawaida katika nyumba mpya, na mahali penye joto na unyevu ndipo gundi ya urea inapofunguka upesi. Sheria ya Japani hulinda vyumba vya Japani. Haiufuati ubao melini. Lakini alama hufuata. Ubao uliopimwa huwa na mhuri wake, E1, nyota nne au alama ya California, na fundi wa kweli anajua pa kuutazama. Nyumba za pwani nazo zina urithi wa madirisha yanayokabiliana na ua ulio wazi juu, ambao hauna gharama ya umeme. Urithi huo hupotea pale dirisha linapozibwa kwa ajili ya kiyoyozi na kabati jipya likabaki limefungiwa na watoto ndani.

Hata hivyo, kumwambia mwenye nyumba afungue dirisha ni kumbandikia lile tangazo la jikoni. Ni shauri jema, nalo halitoshi. Kila mahali hewa ya ndani ilipopata nafuu ya kudumu, nafuu ilianzia kiwandani, na kiwanda kiliguswa pale mnunuzi na sheria walipouliza swali moja kwa pamoja. Swali hilo laweza kuulizwa pia katika duka la mbao la Mombasa, Tanga au Darajani, kabla ya kuuliza rangi na kabla ya kuuliza bei: ubao huu umegandishwa kwa gundi gani?