Motokaa Kuukuu katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Mtu akiambiwa kwamba motokaa iliyoundwa miaka sitini iliyopita yauzwa, swali lake la kwanza ni moja: yauzwa kiasi gani? Swali hilo huja mbele ulimini, lakini lastahili kukaa nyuma ya mengine. Historia ya vyombo vya kusafiria katika wilaya za Mbulu na Hanang, zilizomo leo katika mkoa wa Manyara, yafundisha kwamba chombo kikuukuu hununuliwa mara mbili: kwanza kwa mwenyewe aliyekuwa nacho, na pili kwa fundi. Bei ya kwanza hujulikana kwa siku moja. Bei ya pili huchukua miaka kujulikana, nayo imewahi kuwashinda watu wenye fedha nyingi kuliko mkulima wa Dongobesh au mfugaji wa Basotu. Wazee walipokata neno wakasema kwamba rahisi ni ghali, walisema jambo ambalo motokaa imekuja kulishuhudia.

Yafaa kuitazama nchi yenyewe kabla ya kukitazama chombo. Mbulu yakaa juu ya nyanda zilizoinuka kando ya Bonde la Ufa, makao ya Wairaqw, ambako vijito na miteremko huipinda kila njia. Kusini yake husimama mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, na chini ya mlima huo zimetandaza tambarare ambazo Wabarbaig wamelisha ng'ombe wao tangu zamani. Udongo wa tambarare hizo ni mweusi. Mvua ikinyesha hushika gurudumu kama gundi, na kiangazi kikiingia hupasuka nyufa. Katika siku za utawala wa Waingereza nchi hizi mbili zilikuwa wilaya moja ya Mbulu, ndani ya jimbo la Kaskazini la Tanganyika. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilipoanza kazi mwaka 1955, safari ya mgonjwa kutoka vijiji vya mbali ilikuwa jambo la kufa na kupona, na motokaa ya mjini iliyozoea barabara laini haikufaa kitu katika masika.

Chombo kilichofaa kilikuwa kimekwisha kuzaliwa. Tarehe 30 Aprili 1948 kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha mjini Amsterdam gari jipya lililoitwa Land Rover, lililoundwa katika kiwanda chake cha Solihull. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu, na chuma cha pua kiligawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo bodi ilifanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, ambao haukuwa na kizuizi hicho. Mashine za kufinyangia bati zilikuwa ghali, basi mabamba ya bodi yakakatwa bapa, yakafungwa kwa nati na bolti. Hata chasisi ilijengwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa pamoja yakawa kama sanduku refu. Hivyo umaskini wa Uingereza baada ya vita ndio uliokipa chombo hiki umbo lake.

Walioibuni motokaa hiyo hawakumfikiria fundi wa Katesh. Hata hivyo walimwachia urithi. Madigadi iliyobonyea hufunguliwa kwa spana, ikapigwa nyundo juu ya gogo, ikarudishwa. Kipande cha chasisi kilicholiwa na kutu chaweza kukatwa, na bamba jingine likachomelewa mahali pake, kwa kuwa kiwandani nako kilifanywa kwa kuchomelea. Betri ikifa, injini huwashwa kwa hendeli. Tena muundo wa pili, uliotoka mwaka 1958, na muundo wa tatu, uliotoka mwaka 1971, vimeshirikiana vipuri vingi sana, hata gari moja lililokufa laweza kulisha mengine. Kwa sababu hizo motokaa hii imedumu mahali ambapo nyingine nyingi zimekuwa mazizi ya kuku.

Lakini wepesi wa kutengenezeka haumwokoi mnunuzi asiyefikiri. Nchi ya Tanganyika iliona jambo hilo kwa mfano mkubwa huko Kongwa, kusini ya Hanang katika nchi ya Wagogo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mpango wa kulima karanga. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi uliotakiwa, basi yakanunuliwa masalio ya vita, mengine kutoka ghala za jeshi za mbali, na hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Vyombo vilifika vimechoka. Vipuri havikutosha, wala mafundi hawakutosha, na kabla ya mwaka kwisha sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imesimama. Mwezi Januari 1951 mpango ukaachwa. Mambo mengine yaliuangusha pia, kama ukame na ugumu wa ardhi, lakini kosa la ununuzi lilikuwa wazi: waliweka fungu la kununulia, wakasahau fungu la kutengenezea.

Miaka ishirini baadaye funzo hilo lilirudi katika Hanang yenyewe kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, likisaidiwa na serikali ya Kanada, lilianza kupanua kilimo cha ngano katika tambarare za Basotu. Yakawa mashamba saba, yenye matrekta makubwa na mashine za kuvunia kutoka ng'ambo, na vipuri vyake vikatoka huko huko. Vyombo hivi vilikuwa vipya, na ngano ilivunwa kweli. Lakini vilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika hati ya manunuzi: Wabarbaig walipoteza malisho yao bora, na shauri la kijiji cha Mulbadaw dhidi ya shirika hilo, lililofunguliwa mwaka 1981, likaenda hadi Mahakama ya Rufani. Msaada wa Kanada ulipokoma katika miaka ya 1990, kilimo hicho kilidhoofika. Basi chombo kipya nacho, kikiwa uhai wake wategemea mkono ulio ng'ambo ya bahari, huzeeka siku ile mkono huo unapoondolewa.

Kati ya mikasa hiyo miwili ilikuwapo shule ya tatu, isiyo na jina wala majengo, nayo ni gereji ya chini ya mti. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika nchini, na vipuri vikaadimika pamoja nazo. Gari lililokufa likachinjwa, kama wasemavyo mafundi, na viungo vyake vikagawanywa kama nyama ya mnadani. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na pole pole motokaa zilizotumika kutoka Japani zikaenea. Hapo Land Rover nyingi zikapata moyo mpya: injini ya Kiingereza ikatolewa, ya Kijapani ikatiwa. Mwenye kupenda usafi wa asili huona haya kwa jambo hilo, lakini mgonjwa aliyefikishwa hospitali hakuuliza injini ilitoka wapi.

Kutokana na shule hiyo zaweza kutolewa kanuni kwa mtu wa leo mwenye fedha chache, anayetaka kununua mkweche wa namna hiyo ili aufufue. La kwanza ni karatasi. Kadi ya gari isomwe pamoja na nambari iliyopigwa katika chasisi, na kama injini imebadilishwa, badiliko hilo liwe limeandikwa. Motokaa nyingi za zamani zilibaki uani baada ya mwenyewe kufariki. Hizo huuzwa kwa haki na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si na mtoto aliyeshika ufunguo. Mnunuzi akipuuza hilo, atatengeneza mali ya mwingine kwa jasho lake.

La pili ni mifupa. Aluminiamu haili kutu kama chuma, na kwa hiyo bodi yaweza kung'aa juu ya chasisi iliyooza. Rangi mpya na ishukiwe kuliko rangi iliyopauka. Mnunuzi alale chini ya gari, agonge chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Atazame pia ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva, kwa kuwa maji hukaa kwenye maungio yake. Injini ije nyuma ya hayo, maana injini hubadilishwa kwa siku chache, na mifupa haibadilishwi ila kwa gharama ya motokaa nzima.

La tatu ni mpango wa fedha. Asinunue kwa fedha zote alizo nazo. Fungu la kutengenezea liwe kubwa kuliko la kununulia, nalo litumike kwa utaratibu: breki na usukani kwanza, kisha chasisi na springi, kisha injini na giaboksi, na rangi mwisho. Akiweza kupata gari la pili lililokufa kwa bei ya vyuma chakavu, huyo ndiye ghala lake. Na kama hana fundi anayemjua kabla ya kununua, asinunue.

Labaki swali moja gumu: kufufua ni kurudisha nini? Mwaka 2016 kampuni ya Land Rover ilitangaza kwamba itayarudisha magari 25 ya muundo wa kwanza katika hali yaliyokuwa nayo yalipotoka Solihull. Kazi hiyo ni ya watu wenye mali, na thamani yake ni kufuta kila alama iliyotiwa na miaka. Mnunuzi wa Mbulu hawezi kuifuata njia hiyo, wala hapaswi kusikitika. Kiraka kilichochomelewa mwaka wa njaa ya vipuri ni habari. Injini ya Kijapani ndani ya bodi ya Kiingereza ni sura nzima ya uchumi wa Tanzania, iliyoandikwa kwa chuma. Akivifuta vyote ili apate sura ya mwaka 1960, atakuwa na motokaa safi isiyowahi kuishi Mbulu. Hapa ufukara na uaminifu wa historia hukubaliana: kutengeneza kinachotakiwa kwa mwendo na usalama, na kuacha mengine yaseme.

Wakati wa kufanya hivyo haukuwa mrefu. Barabara ya lami ya Babati hadi Singida yapita Katesh, na haja ya gari la matope imepungua. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini wakipima kwa kilo, na mizani yao haijui tofauti ya chasisi nzima na jembe lililovunjika. Mwezi Oktoba 2024 Land Rover nyingi zilikusanyika Arusha katika tamasha lao, na watu wakazishangilia. Lakini zile zisizoweza tena kwenda Arusha ndizo zilizo karibu na mizani. Mafundi waliojifunza zamani za uhaba nao wanazeeka, na wengi hawakuandika neno. Basi anayeinunua motokaa kuukuu leo na anunue na daftari moja, aandike kila kiraka kimetoka wapi na kilitiwa na mkono wa nani, maadamu mwenye mkono huo yungali hai kuulizwa.