Pikipiki Hii ni ya Nani? Historia Fupi ya Chombo cha Magurudumu Mawili

Mpenzi msomaji, ukifika Carama alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya milima iliyo mashariki mwa Bujumbura, utazisikia pikipiki kabla ya kuziona. Mtaa wetu uko kaskazini mwa jiji, katika komine ya Ntahangwa, na njia zake nyingi za ndani ni za udongo. Mvua ikinyesha, gari dogo hukwama topeni, lakini pikipiki hupita. Mgonjwa, mwalimu, muuza maandazi na mwanafunzi aliyechelewa, wote humwita mtu yuleyule: motari.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini pikipiki zimekuwa nyingi kiasi hiki katika nchi zetu. Swali hilo ni zuri, nami nitalijibu. Lakini liko swali jingine ambalo watu wachache huliuliza, nalo ni hili: pikipiki hizi ni za nani? Nakualika tuipitie historia ya chombo hiki tukiwa na swali hilo mkononi.

Tuanze na jina. Tumejifunza darasani kwamba tanakali za sauti huzaa maneno. "Pikipiki" ni mfano mwema: sikiliza injini ndogo ikinguruma polepole, utasikia neno lenyewe. Chombo chenyewe kilizaliwa Ulaya. Mwaka 1894, kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya mjini Munich, Ujerumani, ilianza kuuza pikipiki za kwanza zilizotengenezwa kwa wingi kiwandani. Katika Afrika Mashariki na Kati ya zama za ukoloni, pikipiki ilikuwa chombo cha afisa wa serikali, mmisionari na daktari. Mwananchi wa kawaida alikwenda kwa miguu, huku mzigo ukiwa kichwani. Basi katika zama hizo jibu la swali letu lilikuwa jepesi: pikipiki ilikuwa ya mwenye mamlaka.

Chombo cha kwanza cha magurudumu mawili kilichomfikia mtu wa kawaida kilikuwa baiskeli. Katika miaka ya 1960, huko Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, vijana walianza kubeba abiria na mizigo kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Waliwaita wateja kwa kutamka neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilirudia mara mbili, na hapo likazaliwa neno "bodaboda". Mwenye baiskeli mara nyingi alikuwa ndiye mwendeshaji. Faida ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake.

Wakati huohuo, huko Asia kulikuwa na mabadiliko makubwa. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki nyepesi iitwayo Super Cub, iliyokusudiwa mtu wa kipato cha kawaida. Kufikia mwaka 2017, zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Baadaye viwanda vya India na China viliingia sokoni kwa pikipiki za bei nafuu zaidi, zenye injini ndogo, zinazotumia mafuta kidogo na kutengenezeka chini ya mwembe. Ndiyo sababu leo ukisimama Dar es Salaam, Nairobi au Kampala utaona Bajaj Boxer kila kona, na ukisimama Bujumbura au Kigali utaona TVS. Hata neno "bajaji", tunaloliita gari la magurudumu matatu, limetokana na jina la kampuni ya India. Soko limeingia hadi ndani ya kamusi.

Hata hivyo, bei peke yake haielezi kila kitu. Sheria na kodi pia zilifungua mlango. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo. Matokeo yalionekana upesi: mwaka 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa nchini humo hazikufika 5,000, lakini mwaka 2013 zilizidi 100,000. Tanzania nayo, mwaka 2010, ilitoa kanuni za kuzipa leseni pikipiki na bajaji zinazobeba abiria, ikikubali kwa maandishi jambo ambalo wananchi walikuwa wameshalifanya.

Kwetu Burundi njia ilikuwa tofauti. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilivuruga maisha na kazi. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na amani ilirudi taratibu. Mwaka 2007 nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miaka hiyo vijana wengi walikuwa wakitafuta riziki, na baadhi yao walikuwa wametoka kuweka silaha chini. Kazi ya kubeba abiria kwa pikipiki haikudai shahada wala ofisi. Ilidai leseni, ujasiri na chombo. Hapo kwenye chombo ndipo penye fundo la habari yetu.

Zingatia maneno mawili ambayo huyasikia kwenye vijiwe vya bodaboda, hasa Tanzania: "hesabu" na "mkataba". Hesabu, kwa maana ya kijiweni, ni kiasi maalumu cha fedha ambacho dereva humpelekea mwenye pikipiki kila siku, awe amepata abiria au amekosa. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho ujira wake. Mkataba ni mapatano kwamba dereva akipeleka fedha kwa muda fulani, pikipiki itakuwa mali yake. Katika hesabu unakodi chombo. Katika mkataba unakinunua kidogokidogo.

Tupige mahesabu ya mfano tu, si bei ya dukani. Dereva akipeleka faranga 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 52, atakuwa amempa mwenye chombo faranga 3,120,000 kwa mwaka. Ikiwa yuko kwenye hesabu, mwaka wa pili huanza palepale alipoanzia wa kwanza. Ikiwa yuko kwenye mkataba, kila siku inampeleka hatua moja mbele. Barabarani huwezi kumtofautisha mmoja na mwingine. Wanavaa kofia ileile ngumu na kupita tope lilelile.

Nilipata kumfundisha kijana mmoja ambaye sasa ni motari. Aliahidiwa kwa mdomo kwamba baada ya miaka miwili pikipiki itakuwa yake. Alilipa, akabana matumizi, akachelewesha hata harusi yake. Miaka miwili ilipotimia, mwenye pikipiki alisema mapatano hayakuwa hivyo, akaichukua. Karti rozi, yaani hati ya usajili wa chombo, ilikuwa na jina la mwingine tangu siku ya kwanza. Kijana huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na ahadi, hakuwa na karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Naye aliupata ukweli huo kwa gharama ya miaka miwili ya ujana wake.

Asiye na chombo chake huumia mara mbili mambo yanapobadilika. Mwezi Machi 2022, serikali ilizuia pikipiki, bajaji na baiskeli kuingia maeneo ya katikati ya jiji la Bujumbura, ikieleza haja ya kupunguza ajali na msongamano. Safari za kutoka mitaa kama Carama hadi mjini zilikatika njiani, na mapato yakapungua. Kisha ukaja uhaba wa mafuta, ambao umewafanya madereva kulala kwenye foleni za vituo. Mwenye pikipiki yake, siku isiyo na mafuta, hupoteza mapato ya siku hiyo. Aliyepewa kwa hesabu hupoteza mapato, na bado anadaiwa.

Je, kuna njia ya kutoka? Zipo zilizojaribiwa. Mjini Kampala, kampuni ya Tugende, iliyoanzishwa mwaka 2012, huwapa madereva pikipiki kwa malipo ya awamu hadi wazimiliki. Njia hiyo ina gharama, kwa kuwa jumla ya malipo huzidi bei ya fedha taslimu. Lakini kuna maandishi, na maandishi yana mwisho unaojulikana. Kwa jirani zetu Rwanda kumekuja jambo jipya: pikipiki za umeme. Kampuni ya Ampersand ilizianzisha Kigali mwaka 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa mjini humo hutakiwa kuwa za umeme. Dereva haponi tu moshi, bali pia foleni ya petroli: anafika kituoni, anatoa betri iliyokwisha, anapewa iliyojaa. Ila tazama vizuri. Pikipiki inaweza kuwa ya dereva, lakini betri hubaki kuwa ya kampuni. Swali letu la zamani limerudi likiwa na vazi jipya.

Mpenzi msomaji, ndiyo maana wingi wa pikipiki pekee haunitoshi kama kipimo cha maendeleo. Pikipiki mia moja za watu mia moja si sawa na pikipiki mia moja za watu watano, hata kama zote zinanguruma kwa sauti moja.

Kabla hujalala leo, fanya zoezi hili. Nenda kwenye kijiwe kilicho karibu nawe, msalimie motari kwa heshima, umuulize kwa Kiswahili yuko kwenye hesabu au kwenye mkataba, na kama mapatano yake yameandikwa. Kama hayajaandikwa na yeye hawezi kuyaandika, wewe unayejua kusoma na kuandika mwandikie: majina ya pande zote mbili, kiasi cha malipo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, nani atagharimia matengenezo, na sahihi za mashahidi wawili. Ukurasa mmoja unatosha. Lugha tunayojifunza darasani itakuwa imefanya kazi yake.