Kikosi cha nyakati zote kianze na Bill Russell

Kwa miaka sita tangu kocha Red Auerbach alipoichukua mwaka 1950, Boston Celtics ilikuwa timu ya kupendeza macho ambayo haikuwahi kutwaa ubingwa. Ilikuwa na Bob Cousy, fundi wa pasi aliyeongoza ligi ya NBA kwa asisti msimu baada ya msimu, na Bill Sharman, mmoja wa watupaji wenye shabaha kali kuliko wote wa zama zake. Pointi ilizipata kwa wingi, lakini kila mwaka ilitolewa kabla ya kombe. Mwaka 1956 Auerbach aliwaachia St. Louis Hawks wachezaji wawili, Ed Macauley aliyekuwa nyota wa Boston na Cliff Hagan, ili apate haki ya kumsajili kijana wa Chuo Kikuu cha San Francisco ambaye hakusifika kwa kufunga. Kijana huyo, Bill Russell, alijiunga na timu mwezi Desemba, baada ya kutwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Melbourne. Celtics ilibeba ubingwa msimu huohuo. Russell alipostaafu mwaka 1969, baada ya misimu 13, alikuwa na mataji 11.

Kisa hicho kinajibu mapema swali ambalo wapenzi wa mpira wa kikapu hawachoki kuliuliza: ukipewa wachezaji wote waliowahi kucheza, waliokufa na walio hai, utapanga kikosi gani? Watu wengi huanza kwa kuwataja wafungaji. Anatajwa Michael Jordan, wanafuata Kobe Bryant, LeBron James, Wilt Chamberlain na Kareem Abdul-Jabbar, na orodha inapotimia tunakuwa na watu watano ambao kila mmoja amezoea timu nzima imtafutie yeye nafasi ya kutupa. Orodha hiyo ina wachezaji bora, ila haijawa timu. Uwanjani mpira ni mmoja. Mfungaji wa tatu na wa nne wakiukosa, sehemu kubwa ya thamani yao inapotea. Mkabaji na mchukua ribaundi hawahitaji kupewa mpira ndipo wafanye kazi yao. Kwa sababu hiyo ninashikilia kwamba jina la kwanza kwenye karatasi ni la Russell, na wengine wote wachaguliwe kwa kutazama watakavyofanya kazi pamoja naye.

Kinachomponza Russell katika mijadala hii ni takwimu, kwa kuwa kazi aliyoifanya kuliko mtu yeyote haikuhesabiwa. NBA ilianza kuweka rekodi rasmi za mitupo iliyozuiwa na mipira iliyoporwa msimu wa 1973/74, miaka minne baada ya yeye kustaafu. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilianza mwaka 1969, katika fainali yake ya mwisho, na ikapewa Jerry West wa timu iliyoshindwa. Tangu 2009 tuzo hiyo inaitwa kwa jina la Russell, mtu ambaye hakuwahi kuishika kama mchezaji. Vitabuni amebakiwa na wastani wa pointi 15.1 na ribaundi 22.5 kwa mechi, na ile 15.1 ndiyo inayowafanya vijana wa leo wamruke. Lakini namna yake ya kuzuia ilikuwa elimu kamili. Wazuiaji wengi huupiga mpira hadi kwa watazamaji, ukumbi ukashangilia, kisha timu pinzani ikarudishiwa mpira uleule. Russell aliugusa kwa ncha za vidole ili ubaki ndani ya uwanja, mwenzake audake, na kabla wapinzani hawajageuka Cousy alikuwa ameshavuka mstari wa kati. Kwa hiyo kuzuia kwake kulikuwa mwanzo wa kufunga, na pointi zilizopatikana ziliandikwa kwa majina ya wengine.

Kipimo kizuri cha hoja hii ni Wilt Chamberlain, kwa sababu wawili hao walicheza zama moja na nafasi moja. Chamberlain alikuwa na wastani wa pointi 50.4 kwa mechi msimu wa 1961/62, na tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, aliwafunga New York Knicks pointi 100 peke yake. Wastani wake wa maisha yote ni 30.1, karibu mara mbili ya ule wa Russell. Kama pointi ndizo zinazojenga timu, basi mshindi anajulikana. Hata hivyo walipokutana mara nane katika mfululizo wa mechi za mtoano, timu ya Russell ilishinda mara saba. Mara moja aliyoshinda Chamberlain, mwaka 1967 akiwa na Philadelphia 76ers, ndiyo inayofundisha zaidi. Msimu ule alipunguza kufunga hadi wastani wa pointi 24.1 na kupandisha asisti zake hadi karibu 8 kwa mechi. Mfungaji mkubwa kuliko wote alipata taji lake la kwanza pale alipokubali kufunga kidogo.

Miaka miwili baadaye Los Angeles Lakers walijaribu njia ya mkato. Walimchukua Chamberlain wakamweka pamoja na Jerry West na Elgin Baylor, nyota watatu ambao hata leo wangeweza kutajwa kwenye orodha yoyote ya nyakati zote. Celtics kwa upande wao walikuwa wamechoka, wamemaliza msimu nafasi ya nne katika kanda yao, na Russell alikuwa na umri wa miaka 35, akicheza na kufundisha kwa wakati mmoja. Siku ya mechi ya saba, tarehe 5 Mei 1969, mwenye timu ya Lakers alikuwa ameshatundika maputo darini kwa ajili ya sherehe. Boston ilishinda 108 kwa 106. Katika dakika za mwisho Chamberlain alikuwa kwenye benchi, ametoka kwa maumivu ya goti, na kocha wake alikataa kumrudisha uwanjani. Nyota walikuwepo, ila mtu ambaye wote walimsikiliza hakuwepo. Kwa Boston mtu huyo alikuwa Russell mwenyewe, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika NBA, tangu mwaka 1966.

Huenda ikasemwa kwamba hayo ni mambo ya kale. Mwaka 2004 yalijirudia mara mbili. Mwezi Juni, Lakers wenye Shaquille O'Neal, Kobe Bryant, Karl Malone na Gary Payton walifungwa mechi nne kwa moja na Detroit Pistons, timu ambayo hakuna mchezaji wake aliyefikisha wastani wa pointi 20 msimu huo, na ambayo nguzo yake katikati ilikuwa Ben Wallace, mtu asiyefikisha hata pointi 10 kwa mechi. Mwezi Agosti, kwenye Olimpiki ya Athens, Marekani ilipeleka kikosi chenye Allen Iverson, Tim Duncan, na vijana LeBron James, Dwyane Wade na Carmelo Anthony. Walifungwa na Puerto Rico 92 kwa 73 katika mechi ya kwanza, wakapoteza tena kwa Lithuania, wakatolewa na Argentina katika nusu fainali, na kurudi na shaba. Uwezo wa mtu mmoja mmoja haukupungua kitu. Kilichokosekana ni watupaji wa mbali wa kutosha na mgawanyo wa kazi.

Hapo ndipo wengi hunyanyua mfano wa timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992, na ni pingamizi la haki. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini timu ile ilikuwa na Jordan, Magic Johnson, Larry Bird, Charles Barkley na wenzao, na ilikaa vizuri sana. Iliifunga Angola 116 kwa 48 katika mechi ya kwanza, na kila mchezo iliumaliza kwa tofauti ya pointi zisizopungua 30. Tukitazama jinsi ilivyoshinda, mfano huo unakuwa upande wetu. Jordan alikuwa ametoka kuongoza NBA kwa wastani wa pointi 30.1, lakini mjini Barcelona alitosheka na 14.9, na aliyeongoza kwa kufunga akawa Barkley kwa 18. Kumbukumbu nzito ya mashindano yale ni ya kukaba: katika mechi ya kwanza dhidi ya Croatia, Jordan na Scottie Pippen walimbana Toni Kukoč hadi akaondoka na pointi 4 tu. Mafahali walikaa kwa sababu kila mmoja alikubali sehemu yake ya kazi.

Pingamizi la pili ni kwamba Russell alicheza katika ligi ndogo, yenye timu nane alipoanza, dhidi ya watu wafupi, na kwamba leo mita 2.08 zake zisingemtosha. Ni kweli ligi ilikuwa ndogo. Lakini timu nane maana yake ni nafasi chache sana za kazi, na senta wa Celtics alikutana na Chamberlain mwenye mita 2.16 mara nyingi katika msimu mmoja. Isitoshe, Russell alikuwa pia mrukaji wa juu hodari siku zake za chuo, na wepesi ndio unaotafutwa kwa senta wa leo, anayelazimika kumfuata mtupaji hadi nje ya mstari wa pointi tatu. Pingamizi la tatu lina nguvu zaidi: alizungukwa na nyota wengine. Ni kweli, na Sam Jones alistaafu pamoja naye mwaka 1969. Hata hivyo John Havlicek alibaki, akiwa katika ubora wake, na msimu uliofuata mabingwa walishinda mechi 34, wakapoteza 48, na hawakufika hata hatua ya mtoano. Kabla yake nyota wapo bila kombe. Mara tu baada yake nyota yupo bila kombe. Katikati kuna mataji 11.

Basi tupange. Tuchukue kanuni za sasa, zenye mstari wa pointi tatu uliokuja NBA mwaka 1979, maana ndizo zinazomtesa zaidi senta asiyetupa kwa mbali. Udhaifu huo wa Russell unaamua nani awe kando yake. Stephen Curry anaingia kwanza: alifunga mitupo 402 ya pointi tatu katika msimu wa 2015/16, na anayemkaba hathubutu kumwacha hata hatua mbili. Wanaosema atapitwa kirahisi akikaba wamesahau anayewasubiri nyuma yake. Larry Bird anaongeza mtupaji wa pili, mshindi wa mashindano matatu ya kwanza ya mitupo ya pointi tatu, 1986 hadi 1988, na mtoa pasi ambaye hashiki mpira muda mrefu. Jordan hahitaji utetezi, ila nisisitize sababu: mwaka 1988 alikuwa mfungaji bora wa ligi na mkabaji bora wa mwaka kwa pamoja. LeBron James, aliyempita Abdul-Jabbar na kuwa mfungaji wa pointi nyingi zaidi katika historia ya NBA mwezi Februari 2023, hapa ninamchagua kwa kazi nyingine: kupandisha mpira, kugawa, na kumkaba karibu mtu yeyote.

Benchi lifuate kanuni hiyohiyo. Magic Johnson anaanzia nje kwa sababu LeBron tayari amebeba kazi ya kugawa, si kwa upungufu. Mwaka 1980, akiwa mgeni katika ligi, alishika nafasi ya Abdul-Jabbar aliyeumia na kumaliza fainali kwa pointi 42, ribaundi 15 na asisti 7. Pippen ni mkabaji asiyedai mpira. Tim Duncan anaziba pengo lolote karibu na kikapu. Abdul-Jabbar ni wa kuitwa siku timu inapohitaji kikapu cha uhakika. Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos, ni mtu pekee aliyewahi kutwaa katika msimu mmoja, 1993/94, tuzo za mchezaji bora wa msimu, mkabaji bora na mchezaji bora wa fainali. Mwaka huohuo Mwafrika mwingine alithibitisha hoja hii ya ukabaji: Dikembe Mutombo wa Kinshasa alizuia mitupo 31 katika mechi tano, na Denver Nuggets, timu ya nane katika kanda yao, ikaitoa Seattle iliyoshika nafasi ya kwanza.

Chamberlain na Bryant wanabaki nje, na hilo litawaudhi wengi. Siwatoi kwa kuwadharau. Kazi ya Bryant inafanywa na Jordan, na Chamberlain tunayemhitaji ni yule wa 1967, ambaye alionekana kwa muda mfupi, ilhali Russell alikuwa hivyohivyo kwa miaka 13. Anayetaka kukivunja kikosi hiki ana haki ya kuleta chake, kwa sharti moja: atuambie mpira ukiwa kwa wapinzani, nani kati ya watano wake atauchukua, na akishauchukua, wangapi kati yao wataridhika mwingine autupe. Mwenye jibu la maswali hayo mawili ana timu, na katika historia yote ya mchezo huu hakuna aliyeyajibu kwa mataji mengi kama Bill Russell.